Restituta na Neno Mnururisho

Kila asubuhi Restituta aliteremka kilima cha kwao, nje kidogo ya mji wa Mbinga, dumu la maji kichwani na ufagio mkononi, akienda shuleni. Alikuwa darasa la sita. Nyumbani walikuwa wawili tu, yeye na mama yake, Walburga, mkulima wa kahawa na mahindi. Ilikuwa miaka ile ya tisini, maduka ya mjini yalipoanza kujaa bidhaa tena.

Ugomvi ulianzia katika kipindi cha Kiswahili. Mwalimu Xaveri aliandika ubaoni neno "miale", akataka visawe vyake. Restituta alinyoosha kidole haraka. Aliposimama, kilichomtoka mdomoni kilikuwa neno la Kimatengo, lugha ya kwao, lile alilozoea kulisikia mama yake anapotaja jua shambani.

Kauthar, binti wa Mzee Abdulazizi mwenye duka la nguo, alicheka mpaka akalalia dawati. "Mwalimu, huyo aachwe akachimbe ngolo!" alisema.

Darasa zima likaangua kicheko. Ngolo ni yale mashimo ya kilimo yanayofunika miteremko ya Umatengo, na kuanzia siku ile Restituta hakuwa na jina jingine uwanjani. Ngolo, rusha mpira. Ngolo, pisha njia. Mwalimu alimkemea Kauthar, lakini jina lilikwishaganda.

Restituta hakulia. "Utanijua," alisema moyoni, na kila alipoitwa jina lile aliyarudia maneno hayo.

Mwezi uliofuata Kauthar alianguka na baiskeli. Alirudi shuleni mkono umefungwa plasta, akiwasimulia wenzake jinsi alivyopigwa eksirei, picha inayoonyesha mifupa mpaka ya vidole.

Restituta alikwenda moja kwa moja kwenye kabati la vitabu. Katika kamusi alikuta kwamba mionzi, miale na mnururisho ni maneno yenye maana za karibu. Katika kitabu cha sayansi alisoma kwamba eksirei ni mionzi kidogo, ya kupima wagonjwa. Kurasa mbili mbele akakuta habari za bomu lililounguza watu kwa mionzi katika nchi ya mbali. Alielewa vizuri kwamba hayo yalikuwa mambo mawili. Akaamua kuyafanya moja.

"Mnajua Kauthar amefanywa nini?" aliwauliza wasichana bombani. "Amenururishwa. Ana mionzi ya bomu mwilini. Ukikaa naye dawati moja, inakuhamia."

"Nani kasema?" aliuliza Mwanabibi.

"Kamusi. Nenda kasome."

Hakuna aliyekwenda kusoma. Kesho yake Kauthar alikaa peke yake. Kikombe alichonywea hakikuguswa tena na mtu. Alipomsogelea Mwanabibi, aliyezoeana naye tangu chekechea, Mwanabibi alikimbia akipiga kelele. Restituta alitazama yote hayo kutoka kivulini. Alisikia utamu ambao hakuwahi kuusikia, na usiku alipata usingizi mzuri.

Siku hizo mama yake alikuwa akikohoa. Kikohozi kilianza wakati wa palizi na hakikukoma. Mwishowe alikwenda hospitali, akarudi mchana ule ule akiwa amechoka, akaketi kizingitini.

"Wamesemaje, mama?"

"Wanataka wanipige picha ya kifua. Nimekataa."

"Kwa nini?"

"Wauza dagaa wa usipa sokoni wamenionya. Picha ile inaingiza moto mwilini. Binti wa Abdulazizi ilimwunguza, hata wenzake hawakai naye. Wanasema imeandikwa kitabuni." Alikohoa, akajifuta mdomo kwa ncha ya kanga. Restituta aliona damu.

"Mama, si kweli. Ni mimi niliyesema. Niliyatunga."

"Unasema hivyo ili niende tu," mama alijibu. "Siendi."

Restituta alibembeleza mpaka sauti ikamkauka. Hakuaminiwa. Alibaki na mtu mmoja wa kumwendea, na kwa huyo alitamani kuliko kitu chochote asiende.

Alimkuta Kauthar nyuma ya duka la baba yake. Akamweleza yote, kuanzia kabatini mpaka kwenye damu ya kanga.

Kauthar alimsikiliza mpaka mwisho. "Siku kumi na moja sijacheza na mtu," alisema. "Na mimi nikikataa?"

Restituta hakuondoka. Alisimama tu, machozi yakimtiririka.

Kauthar aliingia ndani, akajitanda mtandio, akatoka. "Twende. Sijakusamehe. Ninakwenda kwa ajili ya mama yako."

"Shikamoo, mama," Kauthar alisema walipofika kwa Walburga.

"Marahaba, mwanangu."

Kauthar alimwonyesha mkono wake, akachezesha vidole vilivyochomoza kwenye plasta. "Nishike, mama. Naungua?"

Walburga alivishika vidole vile, akavigeuza huku na huku. Kisha akamgeukia binti yake. "Basi, kesho tutakwenda," alisema.

Kesho yake walikwenda hospitali. Mpiga picha, Bwana Othmar, aliwaeleza kwamba mionzi ikizidi kipimo hudhuru, ndiyo maana yeye anayeipiga kila siku husimama nyuma ya ukuta. "Lakini picha moja ya kifua ni mionzi kidogo mno, inapita mara moja. Haibaki mwilini, wala haimhamii mwingine." Picha ilionyesha dalili za kifua kikuu, na kipimo cha makohozi kikathibitisha. Walburga alianza dawa wiki ile ile, akazimeza miezi yote aliyoagizwa, akapona.

Restituta alisimama mbele ya darasa akakiri. Hakuficha kitu. Kauthar alisimama baada yake, akaomba radhi kwa kumpachika jina la Ngolo, kwa sauti ndogo na bila kumtazama. Urafiki haukuja siku ile.

Mwalimu Xaveri aliweka chaki mezani. "Restituta, ungeyachanganya maneno yale kwa kutojua, ningekusahihisha kwa kalamu nyekundu, yakaisha. Lakini ulijua ukweli, ukaupindisha ili umuumize mwenzako. Uongo ukishautoa mdomoni, huwezi kuuambia uende kwa nani. Uliutuma kwa Kauthar, ukafika kwa mama yako." Aliwatazama wanafunzi wote. "Mtu akikudhalilisha, njoo useme, tutakutetea. Lakini semeni kweli, hata mnapomsema mtu mnayemchukia."