Sauti ya Chiriku

Waya wa spika ulikuwa umelala mezani, haujachomekwa popote, lakini spika ilisafisha koo.

Haikukwaruza wala haikuvuma kama spika zinavyovuma. Ilisafisha koo kama mtu aliyekaa kimya siku nyingi na sasa ana lake la kusema.

"Fundi, umekohoa?" Chiriku aliuliza.

"Mimi?" Fundi kompyuta alichomoza kichwa kutoka chini ya meza, vumbi limemjaa kwenye nyusi. "Bado, dada. Ila kwa uchafu wa huku chini, nitakohoa mpaka kesho."

Chiriku akacheka, lakini aliisogeza spika kwa ncha ya kidole, kama mtu anayesogeza mende bila kujua kama amekufa.

Jina la Chiriku hakupewa bure. Mdomo wake haukuwa na breki. Aliongea akifua, aliongea akipika, na majirani walisema hata usingizini huwa anabishana na shuka. Sauti alikuwa nayo, hata wabaya wake walikubali: nyororo, yenye kicheko kilichojificha ndani. Ila katika nyumba ya mumewe sauti hiyo haikuwa na kazi. Kazi ilishikwa na mwanamke mwingine, na mwanamke huyo alikuwa kaburini.

Mumewe alitengeneza matangazo ya maduka. Aliyarekodi chumbani, kwenye kompyuta hiyo hiyo ya mezani, na msemaji alikuwa mke wake wa kwanza. Alipofariki aliacha maneno yake humo, mafaili kwa mafaili, na mwanamume hakuhangaika kutafuta mtu mwingine. Alikata neno huku, akaliunga na neno kule, mpaka marehemu akawa anasifia sabuni ambayo wakati anazikwa ilikuwa haijatengenezwa.

Basi Chiriku akienda kununua chumvi, mke mwenzake anamkaribisha dukani. Akienda saluni, mke mwenzake anamwambia nywele zake zimekauka. Mwanamke amekufa na bado yuko kazini, utamfanyaje? Huwezi kumsuta, huwezi kumvizia sokoni, huwezi hata kusema amezeeka.

"Si nipo mimi?" Chiriku aliwahi kumwambia mumewe. "Nijaribu hata tangazo moja."

Mumewe alicheka bila ubaya, na kicheko kisicho na ubaya ndicho kinachouma zaidi. "Wewe unaongea, mke wangu. Yule alikuwa anasema."

Maneno hayo yalimkaa kooni kama mwiba wa samaki. Alikula nayo, akalala nayo. Kwa hiyo kompyuta ilipoanza kuganda, na mume akasafiri kwa wateja wake akiacha agizo tu kwamba aitwe fundi, Chiriku aliona mlango umefunguka wenyewe.

"Nipige windo upya, niweke mfumo mpya?" fundi alikuwa amemuuliza asubuhi ile. "Ila humu kuna mafaili mengi ya sauti. Niyahamishe kwanza, halafu ndiyo nifute?"

"Takataka za zamani hizo. Futa."

"Dada, nikifuta hivi ndiyo basi tena."

"Fundi, nimekuita ufute au unihoji?"

Fundi akafuta. Chiriku alisimama nyuma yake mpaka kazi ikaisha, akasikia raha ya mtu aliyevua kiatu kinachombana.

Mfumo mpya ukaingia vizuri, picha safi, herufi zinang'aa. Sauti ndiyo haikuwepo. Kwenye kona ya kioo palikuwa na kialama cha spika kilichokatwa msalaba mwekundu.

"Dreva ya sauti haipo," fundi alieleza akijifuta vumbi. "Ni programu ndogo tu, ndiyo inayoiambia mashine kwamba ina spika. Bila hiyo haijui kama ina mdomo." Alijaribu moja, ikakataa. Akajaribu nyingine, mashine ikajizima kwa hasira. "Ubao wa ndani ya mashine hii ni wa kizamani. Ngoja nikaitafute kwenye diski zangu dukani."

"Na hiki nini?" Katika orodha ya vifaa palikuwa na mstari wenye alama ya njano: Kifaa Kisichojulikana.

Fundi alikuna shingo. "Hicho ndicho kinachonisumbua. Nimechomoa spika, nimechomoa maikrofoni, nimechomoa kila kitu. Hakitoki." Akavuta pumzi puani. "Dada, unanusa? Kama nywele zinaungua."

Akaigusa kompyuta mgongoni. Ilikuwa baridi, baridi ya maji ya mtungi. Akauondoa mkono na kuupangusa kwenye suruali.

"Usikiguse hicho," alisema, na sauti yake ilikuwa imeshuka. "Kikikuuliza chochote, funga. Mimi narudi."

Aliondoka na begi wazi, akasahau bisibisi yake mezani. Fundi hasahau bisibisi.

Hakurudi. Aliyepiga simu ni mume. "Nimeshapanda gari, naingia muda si mrefu. Kompyuta imepona? Inatoa sauti?"

"Inaimba," Chiriku akajibu, akakata simu.

Alipogeuka, dirisha lilikuwa limejifungua lenyewe katikati ya kioo. Hakuna sauti, liliandika. Ongea ili kuweka sauti. Chini yake, Ndiyo na Hapana.

Chiriku, kama sisi sote, alibonyeza Ndiyo kabla hajamaliza kusoma.

"Haloo," akasema. Mstari wa kijani ukatokea kwenye kioo, ukapanda kidogo, ukatulia. "Haloo, haloo, unanisikia?" Ukapanda tena. Akacheka. Hapo likamjia wazo, na lilikuwa tamu: kwa nini isiwe yake? Marehemu hayumo tena, kiti kiko wazi, na mume akiingia atakuta matangazo yanasemwa na mke aliye hai. Akavuta kiti. "Karibuni wateja, bei zetu ni poa," akasema, na mstari ukapanda, akasema habari za sabuni na mafuta na magodoro, kisha maneno ya biashara yakamwishia akaendelea na ya moyoni, jinsi alivyoingia nyumba hii na kukuta sauti ya mtu kwenye kuta, jinsi alivyokuwa akimpikia mwanamume anayetabasamu kwa ajili ya mwingine, akaongea huku harufu ya nywele zinazoungua ikimjaa puani, akaongea huku kitu cha baridi kikimpumulia sikioni taratibu kama msikilizaji aliyesogeza kiti karibu asipitwe na neno, akataka kunyamaza akaona mdomo haunyamazi, maneno yanavutwa moja baada ya jingine kama uzi kwenye pindo lililofumuka, majina ya ndugu zake, nyimbo za utotoni, siri alizoapa kutozitoa, mpaka mstari ukafika mwisho, na neno lililofuata likatoka mdomoni mwake bila sauti yoyote.

Msalaba mwekundu ukafutika.

"Asante," spika ikasema. Waya wake bado ulikuwa umelala mezani.

Ilikuwa sauti yake. Na kicheko chake ndani.

Mume alipoingia alisimama mlangoni mwa chumba, begi mkononi. Spika ilimkaribisha, ikampa pole ya safari, ikamwambia kwa upole kwamba mafaili ya zamani yalifutika kwa bahati mbaya, ila asijali. Chiriku alikuwa pembeni amejishika koo, anatikisa kichwa. Mwanamume hakumtazama.

"Umejirekodi?" akanong'ona, machozi yakimlengalenga. "Kumbe unasema, mke wangu. Kumbe unajua kusema."

Maneno aliyoyangoja miaka yote hiyo, na hakuambiwa yeye. Yaliambiwa meza.

Tangu hapo madukani ikawa ni Chiriku tu. Majirani walimpongeza, wakadhani ananyamaza kwa maringo, anatunza koo la kazi. Mume akawa hatoki chumbani ila kwa dharura. Alikula humo, na kupitia mlangoni Chiriku alijisikia kwa masikio yake mwenyewe akimtania, akimsifia shati, akicheka vile alivyokuwa akicheka walipokuwa wachumba. Wivu ulimtafuna kuliko zamani. Yule wa kwanza angalau alikuwa mtu mwingine.

Siku mume alipotoka kwenda kununua balbu, jirani mmoja aliyeng'amua kwamba si maringo alimleta mganga, mama wa makamo mwenye maneno machache. Mganga aliweka kiganja juu ya kompyuta, akakiondoa haraka.

"Huyu si marehemu," alinong'ona. "Marehemu kalala zake, hata hajui kama upo. Huyu ni jini, na alikuwa humu kabla yako. Aliipenda ile sauti. Alikuwa anakaa nayo humu. Wewe ukaja ukamfutia mpenzi wake." Akamkazia macho. "Ulidhani mwenye wivu katika nyumba hii ni wewe peke yako?"

Chiriku alionyesha koo lake, akakunja mikono kuomba.

"Mimi simwezi, aliyemfungulia ni wewe. Ivunje mashine hii kwa mkono wako mwenyewe, sauti yako itarudi. Lakini uiwahi. Bado anajifunza."

Nyundo ilikuwa chini ya sinki. Alipoipata, mume alikuwa amesharudi, amekaa mbele ya kioo, mgongo umeelekea mlangoni. Mchana kweupe, pazia limefungwa. Chiriku aliingia bila viatu. Alipita kitanda, akapita kabati, akainua mkono.

"Mume wangu," sauti ya Chiriku ikasema kwenye spika, ya chini, ya mtu aliyeogopa. "Usigeuke kwa haraka. Yuko nyuma yako. Ameshika nyundo."

Mwanamume akageuka.

Chiriku alifungua mdomo. Yote yalikuwa tayari ulimini, fundi, jini, mstari wa kijani, mimi ndiye mimi, na hakuna hata moja lililotoka.

"Si nilikwambia?" sauti ikasema kwa huzuni. "Ana wivu."

Na mumewe, akimtazama kama mtu anavyomtazama mwizi, alirudi nyuma hatua moja na kutandaza mikono yake yote miwili kuikinga kompyuta.