Chumba Kisicho na Mlango

Watu wa karatasi walikuwa sita. Binti aliwakata mwenyewe, kila mmoja urefu wa ukucha, akawabandika kwa gundi sebuleni na uani mwa nyumba yake ya kadibodi. Asubuhi ya siku ya kuwasilisha mradi chuoni akawahesabu saba. Wa saba alikuwa amesimama katika chumba cha katikati, kile kisicho na mlango.

Alidhani ni utani wa wenzake, maana darasa la usanifu majengo halikosi mizaha. Akamng'oa, akamtupa.

Wazo kuu la mradi wake lilikuwa nyumba inayotunza siri. Alilipata kwenye kiwanja walichopewa kwa mradi, alipoona duara la saruji ardhini akalipenda, na katika modeli akalizungushia kuta nne tupu. Akachota na udongo wa pale, akauchekecha nyumbani kwa chekecheke la mama yake, akaumwaga kuzunguka modeli ili ionekane ya kweli. Bidii nyingine ni ya kujitafutia balaa.

Saa tatu mhadhiri wake akapita kukagua. Aliizunguka meza mara mbili akipapasa kuta kwa kidole, na mzee yule akianza kupapasa ujue kuna mtu amekwisha.

"Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema hatimaye. "Wa kwako atapita wapi? Lifikirie upya wazo lako. Saa nane nataka kuona mlango."

Binti alikuwa ameshafeli mradi huo mara moja. Akifeli tena, chuo basi, na mama yake mjane alikwisha kuwatangazia majirani wote kwamba mwanawe atamjengea nyumba. Akachora mlango kwa penseli, akashika kisu. Alipogusisha ncha ukutani, akasikia ukucha ukikwaruza kwa ndani, mahali palepale.

Harufu ya udongo uliolowa ikamjia, ilhali nje jua lilikuwa kali. Akampigia simu mlinzi wa kiwanja, akamweleza yote kwa sauti ya chini asije akachekwa. Mlinzi aliuliza kwanza kama ni pale penye duara la saruji.

"Pale palikuwa na kisima, mwanangu. Kilizibwa, na si kwa sababu kilikauka. Rudisha huo udongo, na hicho chumba usikifungue."

Saa saba na nusu wenzake walikuwa wamekwenda kula, naye amebaki peke yake na modeli, na yule wa saba wa karatasi amerudi, safari hii uso ameubandika kwenye alama ya penseli, na mkwaruzo haukomi, na harufu imejaa hadi kooni, na binti anajiambia kadibodi ni kadibodi, akimwaza mama yake na majirani wale, mpaka akafumba macho, akakata.

Kukawa kimya. Alipochungulia, chumba kilikuwa kitupu.

Mhadhiri alifurahi. Sasa ndiyo nyumba ya watu, alisema, akampa alama ambazo hakuna mwingine aliyezipata mwaka ule. Binti alirudi kwao mbio, furaha imemjaa, hofu ameisahau.

Alimkuta mama yake amesimama nje ya mlango, peku, chekecheke mkononi. Ndani kulinuka udongo uliolowa.

"Mgeni wako amefika tangu saa saba na nusu," mama alinong'ona. "Anasema wewe ndiye uliyemfungulia. Nimemuuliza ataondoka lini."

"Akasemaje?"

"Akaniuliza mimi naondoka lini."