Beji ya Marehemu Tanko

Ilianza kwa harufu. Chumba cha eksirei cha hospitali yetu ya Dorawa kiliacha kuosha picha kwa dawa miaka sita iliyopita, siku hizi picha inatokea kwenye kompyuta, lakini Asabe alipofungua mlango asubuhi ile alikuta harufu kali ya dawa ile ile, imechanganyika na ya goro lililotafunwa, ile kokwa chungu ya wazee. Akawasha feni, akaita mgonjwa wa kwanza. Kwenye benchi walikuwa arobaini na mmoja, na mpiga picha ni yeye peke yake. Mtu aliyechoka hivyo ataanzia wapi kuchunguza harufu?

Goro alikuwa akitafuna Malam Tanko, aliyefanya kazi humo miaka thelathini na kufa mwaka jana kwa ugonjwa wa damu. Hakuvaa aproni ya risasi ya kuzuia mionzi hata siku moja, eti inamuumiza mgongo. Mtoto akilia mezani, Tanko alimshika kwa mikono yake mwenyewe huku mashine ikipiga.

Kila mfanyakazi wa chumba hicho huvaa kifuani beji ya kupimia mionzi iliyompata, na kila miezi mitatu beji zote hupelekwa maabara kusomwa. Ya Tanko ilibaki kwenye msumari wake koridoni, na bado ilipelekwa. Bilyaminu, mkuu wa idara, hakutaka jina lifutwe.

"Wakijua tumepungua watatupunguzia na vifaa," alisema. "Mwacheni mzee wa watu asomwe. Kamkosea nani?"

Majibu yakaja. Beji ya Asabe, sifuri. Beji ya Tanko, iliyoshinda koridoni miezi yote mitatu, imepita kiwango.

"Maabara wamechanganya," Bilyaminu alisema.

"Bosi, hii mara ya pili."

"Basi wamechanganya mara mbili. Wewe si umepata sifuri? Shukuru Mungu, mama, nenda kwa wagonjwa wako."

Asabe alishukuru kweli, na aliona aibu kwa furaha aliyokuwa nayo. Alikuwa na mimba ya miezi minne, baada ya tatu zilizotoka, na hakuwa amemwambia mtu kazini, maana mjamzito huondolewa chumba kile siku hiyo hiyo, na yeye kibarua asiye na mkataba angeondolewa moja kwa moja. Ukuta wa risasi anaojificha nyuma yake mashine ikipiga ulikuwa na ufa wa kupitisha kiganja. Barua tatu za kuomba uzibwe zilikwisha kuandikwa. Ufa ulikuwa mbele ya tumbo lake hasa.

Siku ya pili akaja bibi mmoja wa kikohozi. Asabe akamwambia avute pumzi aibane. Bibi akacheka.

"Nimsikilize nani, binti yangu? Wewe unasema bana, na baba huyo naye anasema bana."

"Baba gani, Inna?" Asabe alinong'ona.

"Huyo aliyesimama kwenye ufa, kakupa mgongo. Mbona anatafuna kazini?"

Asabe hakuinua macho, alibonyeza tu kitufe, na mashine ilipopiga akasikia karibu kabisa na uso wake mtu mzima akiguna, mguno wa mchukuzi anayeongezewa gunia juu ya gunia, na harufu ya goro ikamjaa mdomoni kama vile analitafuna yeye.

Ijumaa, baada ya sala, Bilyaminu, aliyekwisha kusimuliwa na Asabe, akamleta Malam Gambo, mfukuza majini, na ubani wake na maji aliyooshea aya zilizoandikwa ubaoni.

"Muulize kwanza anataka nini," Asabe alimsihi.

"Jini haulizwi, anafukuzwa," Gambo alijibu. " Kavaa sura ya marehemu ili mmzoee."

Akasoma, akarudia, akarushia maji penye ufa. Aproni zikadondoka zote kutoka kwenye kulabu. Kisha sauti ya kizee, iliyochoka mno, ikasema, "Haya. Natoka. Mimi nilikuwa nimeshika tu."

Harufu ikaisha. Bilyaminu akacheka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, na kazi ikaendelea.

Miezi mitatu baadaye, Asabe bado akilificha tumbo chini ya koti pana la kazi, majibu yakaja tena. Beji ya Tanko, sifuri. Ya Asabe, mara nne ya kiwango anachoruhusiwa mjamzito.

Aliisoma karatasi amesimama, mkono tumboni. Hakulia. Alikwenda sokoni, akachagua goro jekundu, bichi, akarudi akaliweka sakafuni chini ya ufa.

"Malam Tanko," alisema polepole, "nakuomba. Tulikosea."

Alishinda chumbani mpaka mgonjwa wa mwisho akatoka. Goro lilikuwa pale pale, zima.