Kiranja Aliyesema Sijui

Kila asubuhi kabla ya shule, Awiti alimsaidia mama yake kupanga samaki wakavu kwenye kibanda chao katika soko la Kamwokya, huku masikio yakivuna umbea wote wa soko. Vita vilikuwa vimekwisha mwaka uliopita. Kengele ya shule ilikuwa imekwenda na waporaji, na Mwalimu Okullo alikuwa ametangaza kwamba atakayepata chuma chenye mlio mzuri ndiye atakayekipiga muhula mzima.

Siku hiyo Darasa la Sita walikuwa wakilima bustani ya shule. Awiti, kiranja wa darasa, alipokuwa akikwatua majani, aliona chuma kimechomoza udongoni. Kilikuwa kinene, chenye kutu, na mkiani kilikuwa na mapezi.

"Kengele yako hiyo, kiranja!" alisema Abdu, mtoto wa fundi baiskeli, aliyejiona fundi wa kila kitu. "Ni kipande cha pampu. Ngoja nikigonge tusikie." Akaokota jiwe.

Awiti alikwisha kujiona mbele ya shule nzima, rungu mkononi. Lakini mapezi yale yalimtia wasiwasi.

"Pampu gani ina mapezi?"

"Ya... ya maji! Kama si pampu, basi ni nini? Si wewe ndiye kiranja?"

"Sijui," alisema Awiti.

Watoto wakaangua kicheko. "Kiranja hajui! Mwoga!"

Awiti akamshika Abdu mkono. "Mimi sijui, na wewe hujui. Weka jiwe chini polepole. Wote tuondoke hapa, nikamwite mwalimu."

Mwalimu Okullo alikitazama kwa mbali tu, akawapeleka watoto wote nje ya shule na kuwaita wanajeshi. Sajini alikikagua, akarudi akijifuta jasho. "Bomu la mzinga. Halijalipuka. Jiwe moja tu lingetosha. Nani amewazuia watoto wasiliguse?"

"Huyu, afande," alisema Abdu kwa sauti ndogo.

Sajini akampigia Awiti saluti.

Jioni kibanda kilijaa majirani. Mama yake alikuwa akisimulia kwa mara ya tatu, na bomu lilikuwa limefikia ukubwa wa pipa.

"Mama, lilikuwa fupi kuliko mkono wangu!"

"Nyamaza, mwanangu, wewe hukuliangalia vizuri!"

Watu wakacheka. Mwalimu Okullo, aliyekuwa amefika kumpongeza, akasema, "Watoto wengi huona aibu kusema hawajui. Leo Awiti amekubali kuchekwa, na watoto arobaini wamerudi kwao wazima. Usichokijua usikiguse. Sema hujui, kisha uliza."

Mama akamsogezea mwalimu kiti, kisha akawageukia majirani, kifua mbele. "Mmesikia? Huyo ni wangu!"