Asali ya Mzinga wa Ndolo

Rejeta ya Land Rover ilipasuka saa tisa mchana, kati ya Mutomo na Ikutha, kwenye njia ya mkato ambayo Kiema dereva alikuwa ameisifu tangu asubuhi. Ilikuwa mwaka wa 1984, mwaka wa ukame ambao hata mbuzi walitembea wakiegemea kuta. Kiema alimimina debe zima la maji ya kunywa ndani ya rejeta, na maji yakatoka chini yakanywewa na mchanga, kama mgeni aliyeingia mlango wa mbele akatokea wa nyuma bila kusalimia mtu. Zikabaki chupa mbili za maji kwa watu wanne.

Kavata, mwanafunzi wa unesi mwaka wa tatu, alikuwa anapeleka dawa za sukari kwa zahanati ya Ikutha. Mzee Nzioka, shemasi wa kanisa, na mkewe Nthenya walikuwa wamepewa lifti kutoka kliniki, ambapo mzee huchukua vidonge vyake vya sukari kila mwezi. Walilala hapo hapo kwa gari. Kwa chakula walikuwa na mikate miwili, na Kiema alikuwa na soda zake chini ya kiti.

Kilichomsumbua Kavata ni insulini. Barafu ya kisanduku cha dawa ilikuwa imeyeyuka, na joto huua insulini kimya kimya. Chupa inabaki nzuri machoni na ndani hakuna kitu. Alishuka kwa mto mkavu akachimba mchanga jinsi mama yake alivyokuwa akichimba kisima. Maji hayakutoka, lakini chini mchanga ulikuwa na unyevu, na humo akazizika chupa mpaka asubuhi. Nne zilikuwa safi kama machozi: hiyo ni ya haraka, inashika baada ya nusu saa. Nne zilikuwa na ukungu kama maziwa yaliyotiwa maji: hiyo inaenda polepole, kutwa nzima. Asubuhi alizifunga na mchanga wake ndani ya kitambaa, na kitambaa kikakosa nguvu, ikabidi Kiema avue soksi.

"Daktari mdogo," Kiema akamwambia, "mgonjwa akidungwa hiyo atapona sukari, lakini atatembea kama dereva."

Hakuna aliyecheka sana. Waliamua kufuata mto kwa miguu, jua likiwa bado chini. Nthenya aligawa mkate. Mzee Nzioka akakataa kipande chake. Alisema leo anafunga. Mungu akiona shemasi ana tumbo tupu, ataleta gari. Kisha akatoa kidonge chake cha asubuhi, maana kliniki walimwonya asiruke hata siku moja, na Mzee Nzioka hakuwa mtu wa kuruka kitu. Kavata mwenyewe ndiye aliyempimia maji, vifuniko vitatu vya chupa. Akamsifu hata. Wagonjwa wengi, alisema, wangesahau.

Wakatembea. Miiba ilishika nguo, mchanga ulikula visigino. Kila saa walikunywa kifuniko kimoja, na midomo ikakauka kabla kifuniko hakijarudishwa. Nthenya aliacha kuimba pambio kwenye ubeti wa pili. Kiema aliacha utani, na hapo ndipo Kavata alipojua kwamba mambo ni mabaya.

Karibu saa sita mzee alianza kutembea akipinda. Alimwita Nthenya kwa jina la dada yake aliyekufa. Alimtukana Kiema, yeye shemasi, tusi la sokoni. Kisha akakaa chini kwa mchanga akatetemeka, macho wazi na hayaangalii mtu.

"Sukari imepanda," Nthenya akasema. "Mdunge. Si uko na dawa?"

Kavata alipiga magoti. Mikono yake ilichoka mpaka ilikuwa kama ya mtu mwingine. Kwa mkoba alikuwa na taa ndogo ya spiriti, kijichupa cha kioo na ile dawa ya buluu ya kupima mkojo. Mzee hakuwa ameenda haja tangu jana. Kiema alimshikilia, wakapata kidogo. Kavata alihesabu matone nane ndani ya dawa ya buluu, akachemsha. Buluu ikibaki, hakuna sukari. Ikigeuka kijani, iko kidogo. Hii ilipita kijani, ikapita manjano, ikawa rangi ya machungwa: sukari tele.

Alichukua sindano. Alitoa chupa safi, ile ya haraka, kutoka kwa soksi. Ndipo akaona shati la mzee.

Lilikuwa limelowa. Wote walikuwa wamekauka kama ngozi iliyowambwa juani, jasho lao likikauka kabla halijatoka, na huyu mmoja alikuwa anatiririka, baridi kama chura. Mtu wa sukari nyingi hukauka, huhema kwa nguvu, pumzi yake hunuka kama tunda lililoiva sana. Mzee hakunuka kitu.

"Jana jioni alikula nini?" Kavata akauliza.

Kiema aliangalia viatu vyake. "Nilimpa soda," akasema. "Mbili. Alisema nisimwambie mama."

Basi mkojo ulikuwa unasema habari za jana. Wakati huo wote ulikuwa umekaa kwa kibofu na soda zake, na leo tumbo lilikuwa tupu, na kile kidonge kilikuwa kazini. Kavata alikuwa amekiandika kwenye mtihani: metfomini ikiwa peke yake ni mpole, lakini kloropropamaidi, kile cha mzee, inasukuma kongosho litoe insulini umekula au hujakula, na inakaa mwilini siku nzima na kupita. Alipata alama zote. Sindano hiyo ingemmaliza mzee. Alirudisha chupa kwa soksi.

"Anataka sukari," akasema. "Sasa hivi."

Mkate ulikuwa umeisha. Soda zilikuwa zimeisha. Juu yao, kwenye mgunga, ulining'inia mzinga wa gogo, umechomwa alama ya ukoo.

"Hapana," Kiema akasema. "Mzinga wa mtu? Kuna wazee walipigwa mshale kwa hii. Na mchana, nyuki wameamka wote."

"Sukari ndiyo inamuua," Nthenya akalia, "na wewe msichana unataka kumpa asali?"

"Mwaitu, mama yangu," Kavata akamwambia polepole, "nikikosea, nimemuua mimi. Nishikie kichwa chake kiinamie upande."

Kiema alitazama mzinga, akamtazama mzee, akavua shati akalifunga usoni. Aliwasha majani kwa taa ya spiriti, akapanda nayo mtini. Moshi ukapanda mnyoofu, mweupe, ukaonekana nchi nzima. Alishuka na sega mkononi, na uso uliovimba kwa nyuki, ambao mamake asingeutambua.

Kavata hakumnywesha, ingempalia. Alipaka asali ndani ya shavu, kidogo kidogo, kama mtu anayeziba ufa. Muda ukapita. Nthenya alifumba macho. Kisha mzee akalamba mdomo.

"Hii ni ya nani?" akauliza.

"Yangu," sauti ikajibu.

Mwanamume alisimama kwa ukingo wa mto, mshale kwenye upinde. Ndolo alikuwa ameona moshi mchana kwa mzinga wake, na alikuja mbio kuua mwizi. Kiema alijaribu kujieleza, lakini midomo haikufunguka. Kavata alionyesha mzee tu, na vidole vyake vya asali. Ndolo akamtazama mzee. Akalegeza uzi wa upinde, akapiga mluzi, na punda akatokea na madebe ya maji.

Mpaka Ikutha kidonge kilimshusha mzee mara mbili tena, na mara mbili asali ya Ndolo ikampandisha. Ndolo mwenyewe ndiye aliyekuwa anaikata. Zahanati walimweka mzee kwa dripu ya glukosi siku mbili, vidonge vikafungiwa kabatini. Insulini ilipokelewa. Mhudumu aliinusa soksi, hakuandika chochote.

Siku ya tatu walimrudishia mzee dawa, nusu ya ile ya zamani. Aliiweka kiganjani, akamnyooshea Kavata mkono mwingine apewe maji.

Kavata aliweka kikombe nyuma ya mgongo.

"Umekula?" akauliza.