Jiko la Mama Nashwan Halifungwi

Kila asubuhi Mama Nashwan alipika maharagwe na mikate kwa watu waliokimbia vita wakaja hapa kwetu mjini Taizi. Mumewe, Muqbil, alileta maji kwa lori.

Siku moja kombora lilipiga ghala la unga mtaa wa pili, likawaua mlinzi na mkewe. Waliolirusha walisema hawakujua kwamba lilikuwa ghala la msaada. Muqbil akataka jiko lifungwe. Mama Nashwan akakataa. Alisema njaa nayo inaua, ila haina mlio.

Ndipo akaja Ishraq, mfanyakazi wa misaada. Aliwaeleza kwamba mahali pa msaada huandikishwa. Ofisi yake huzipa taarifa pande zote zinazopigana: jiko liko hapa, lori litapita njia hii, saa fulani. Jiko likihama au njia ikibadilika, taarifa mpya hutangulia.

Muqbil alikuna ndevu. "Dada, hiyo si kumwonyesha fisi zizi lilipo?"

"Fisi huyu analiona kutoka angani, kaka," Ishraq akajibu. "Asichojua ni kilichomo ndani. Sikudanganyi, taarifa haizuii kombora. Lakini inamnyima mtu kisingizio. Akipiga, hawezi kusema hakujua. Nanyi msiruhusu silaha humu. Ikiingia, ulinzi umetoka."

Jiko likaandikishwa. Muqbil naye akawa anamtajia Ishraq njia yake kabla ya kuwasha lori.

Haukupita muda, gari lenye mzinga likasimama langoni. Kamanda alitaka kulificha uani. Mama Nashwan alitoka, mikono imejaa unga, akasimama katikati ya lango.

"Hapa pameandikishwa kuwa pa chakula," alisema. "Ukiingiza mzinga, sote tunakuwa shabaha."

"Mama, unajua unasema na nani?"

"Najua. Mama yako yuko kwenye foleni pale. Ukitaka kupita, mwondoe yeye kwanza."

Kamanda alitazama foleni, kisha akampa dereva ishara. Gari likarudi nyuma. Mama Nashwan akarudi ndani kukanda unga.

Wiki ile mapigano yalipamba moto. Nyumba za jirani zilibomoka. Jiko halikuguswa, na lori lilifika kila siku. Wengine waliokuwa wakigawa chakula mjini wakamwita Ishraq awaandikishe.

Risasi zilipotulia, Mama Nashwan aliinjika sufuria nyingine kubwa. Muqbil akamuuliza ya nini.

"Waliotaka tufunge," alisema akimkonyeza, "wasikie harufu."