Salamu za Mama Asumini

—Nyumbani, pale Goma, unaishi na nani?

Lilikuwa swali jepesi kuliko yote ya mchana ule. Alima alitoka Ndosho, mtaa wa Goma, akavuka mpaka kwa miguu, akapanda basi hadi Kigali, na njia nzima alikuwa anajiandaa kwa maswali magumu. Kwa nini picha za harusi ni chache? Kwa nini simu yake haina meseji za zamani? Hayo aliyajibu vizuri. Alieleza kwamba vita vilipoingia mjini, watu wenye bunduki walikuwa wanasimamisha wapita njia na kupekua simu zao. Mume wake ni mtu anayetafutwa, kwa hiyo alifuta kila chenye sura yake au jina lake. Afisa wa visa wa Kanada, mwanamke mwenye mvi, aliandika bila kuonyesha kama ameamini. Pembeni yake Bénita, mkalimani, alitafsiri kwa upole.

—Niko naishi na mama ya bwana yangu, alijibu Alima. Mama Asumini.

Alikuwa ameapa kusema kweli, na huo ulikuwa uongo. Mama Asumini alikuwa amelala kwenye makaburi ya upande wa Mugunga tangu mwezi wa kwanza.

Idrissa, mume wake, alikuwa dereva wa kamyo, lori la mizigo, njia ya Masisi. Baada ya kufunga ndoa waliishi watatu katika nyumba ya mbao: yeye, Alima, na mama yake ambaye hakuzaa mwingine. Kisha maneno yakaanza kwamba kamyo yake ilibeba wapiganaji. Mwenzake waliyekuwa wanapokezana usukani alichukuliwa nyumbani kwake, akaokotwa amekufa kando ya barabara. Idrissa akakimbilia Uganda. Baadaye Kanada ikampokea, na alipopata makaratasi tu akaomba mke wake amfuate. Mama mwenyewe alikataa kuandikwa kwenye ombi hilo. Alisema baridi ya kule si ya mifupa yake, wao waende, wazae.

Mabomu yalipoanza kuanguka mjini, kipande cha chuma kilimkuta Mama Asumini uani anaanua nguo. Alima na majirani walimpeleka hospitali kwenye chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo. Vitanda vilikuwa vimejaa, akalazwa chini, koridoni. Kesho yake yule mama akamshika mkono.

—Idrissa asijue.

—Mama, namna gani asijue?

—Mutoto wangu minamujua. Akisikia, atakuja kunizika. Batamuua kama ule mwenzake. Utamuambia wakati utakuwa umefika kwake. Apia Mungu.

Alima akaapa. Kabla ya adhuhuri alimfumba macho.

Hakukuwa na kilio, watu kukaa pamoja na kuomboleza. Maiti zilikuwa nyingi, watu walizikwa harakaharaka, na Alima aliwaomba majirani waliojua wanyamaze, neno lisije likafika Kanada. Kumficha Idrissa hakukuwa kazi kubwa, na hilo ndilo lililomtesa. Mama Asumini hakujua kuandika, siku zote Alima ndiye aliyemwandikia. Idrissa alipouliza mbona hasikii sauti ya mama, Alima alimwambia mabomu yameua masikio yake, simu haimfai tena. Zikabaki meseji. Kila Ijumaa aliwasha simu ya marehemu na kuandika:

"Mwanangu niko muzima. Kula vizuri, uvae vizuri. Mama yako."

Na Idrissa alijibu: "Mama uniombee dua."

Émérance, jirani mwenye asili ya Butembo aliyeshika upande mmoja wa chukudu siku ile, alimwonya mara nyingi kwamba jambo hili litamgeukia. Alima alimjibu kwamba kiapo ni kiapo.

Sasa afisa alikuwa anafunga faili.

—Vizuri. Bwana yako alituambia hivyo hivyo jana. Tungependa kumuona mama kwa video, kidogo tu. Kuna mtu nyumbani wa kumshikia simu?

Alima alitazama meza. Émérance angekubali. Angelala kwenye kile kitanda, akajifunika kitenge hadi kidevuni na kuitikia jina la Asumini, na mambo yangekwisha palepale. Alima aliliona jambo lote kichwani. Kuandika kwa jina la marehemu alikuwa ameweza. Kumlaza mtu mwingine mahali pake, hapana.

—Mama Asumini alikufa, alisema. Mwezi wa kwanza, wakati ya mabombi.

Bénita alitafsiri. Afisa akaweka kalamu chini.

—Bwana yako anasema Ijumaa iliyopita mama alimsalimia.

—Hajui.

—Mume gani hajui kwamba mama yake amekufa? aliuliza afisa, bila ukali. Watu wanakuja hapa wamekariri majibu, Madame. Nyinyi wawili mmekariri mtu ambaye hayupo. Niandike nini?

Alima akasimulia yote, kuanzia nguo za uani hadi meseji za Ijumaa. Afisa alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akasema maneno hayo lazima yahakikishwe, atampigia mume sasa hivi. Ndipo Alima alipoomba kitu kimoja tu: Idrissa asiambiwe na mgeni, amwambie yeye mwenyewe. Afisa alifikiri, akaweka simu katikati ya meza, akafungua sauti ili wote wasikie, akamwonya kwamba kila neno litatafsiriwa.

Huko kwa Idrissa ndiyo kwanza kulikuwa kunapambazuka.

—Alima? Bimepita muzuri?

—Uko wapi?

—Niko kwa parking ya kazi. Sema.

—Ikala chini kwanza.

—Niko ndani ya gari, nimeikala. Kuna nini?

—Mama hayuko tena, Idrissa. Alikufa mwezi wa kwanza. Bombi ilimukuta kule kwa parcelle, uani.

Kwenye simu ilisikika injini ya gari, halafu ikazimwa.

—Ijumaa alinisalimia.

—Ni mimi niliandika.

—Na ile ya Idi? Ile ya kuniombea?

—Ni mimi.

—Yote?

—Yote.

Bénita alikuwa ameacha kutafsiri, na afisa hakumkumbusha. Kutoka Kanada ilikuja sauti ambayo si neno, ya mwanamume anayejaribu kuzuia kilio kifuani na kifua kinakataa. Ilidumu. Alima alibana mikono katikati ya magoti.

—Nani alimuosha? aliuliza Idrissa mwishowe.

—Mimi, na bamama ba musikiti.

—Alisema nini?

—Alisema usijue. Kama ungekuja, bangekuua. Aliniapisha.

—Asante kwa kumuosha, alisema Idrissa. Lakini usinitelefone tena.

Simu ikakatika. Bénita alifuta macho, akaanza kutafsiri yale aliyoyaacha, na afisa akamzuia kwa mkono. Alisema hana swali lingine. Hakusema kama atatoa visa au hatatoa.

Alima alirudi Ndosho. Baada ya muda ofisi ikaandika kwamba wamekubali kuwa ndoa ni ya kweli, kilichobaki ni uchunguzi wa kawaida, na kwamba mume aliyeomba bado ana haki ya kuondoa ombi lake. Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo aliyolala nayo. Émérance alimsihi ampigie, mwanamume akinyamaza sana moyo wake unaota kutu. Alima hakupiga, ila aliandika, safari hii kwa simu yake na kwa jina lake:

"Kama unataka kutoa jina langu, toa. Sitakulaumu. Nilitimiza neno ya mama, lakini wewe ndiye niliumiza. Alima."

Idrissa hakuandika jibu. Juma lililofuata alipiga kwa video, amevaa kofia ya sala, macho yameingia ndani.

—Nionyeshe kaburi.

Alima alichukua moto, pikipiki ya abiria, hadi Mugunga. Kaburi lilikuwa rundo la mawe meusi ya volkano, na kibao cha mbao ambacho mvua ilishaanza kukifuta. Alikishikia simu. Idrissa alisoma Fatiha, akakwama katikati, akaanza upya. Alipomaliza hakukata.

—Uliniibia kilio ya mama yangu, alisema. Batu hapa walikuwa wananiuliza, mama yako iko muzima? Ninajibu iko muzima, ninacheka nao. Mutoto gani anacheka na mama yake iko chini ya mawe?

—Na mimi, nani alilia na mimi? alijibu Alima. Aligeuza simu ili amwone uso. Nilimuzika nikiwa ninaangalia nyuma kama mutu ananisikia. Kila Ijumaa nilikuwa mama yako na muke wako. Nilikuwa naandika niko muzima, na machozi inaanguka kwa ile telefone. Wewe ulinyimwa kilio, sawa. Mimi pia sikupewa.

Pengine Idrissa hakuwa amewaza hilo.

—Najua ningekuja, alisema. Najua wangeniua. Mama alinijua muzuri. Lakini leo siwezi kusema nimekusamehe.

—Sikuombi leo.

—Utakuja?

—Ukiniita.

—Ninakuita.

Visa ilitoka msimu wa baridi wa Kanada ulipoanza. Émérance alimsindikiza hadi mpakani, wakaagana. Kwenye uwanja wa ndege wa Winnipeg, Idrissa alikuwa amesimama na koti zito mkononi. Amekonda. Alimvalisha, akamfunga vifungo mpaka shingoni, hakumkumbatia. Ndani ya gari alimwambia kwamba nyumbani kuna watu.

Alima alifikiri ni mapokezi ya bibi harusi. Aliomba wasimame mahali abadilishe kitenge cha safari, asiaibike mbele ya watu. Idrissa alisema hakuna haja.

Mlango ulipofunguliwa hakukuwa na vigelegele. Meza na viti vilikuwa vimetolewa, mikeka imetandikwa sebule nzima. Wamama wa Goma, wa Bukavu na wa Maniema walikaa upande mmoja wamejifunika vichwa, wanaume wameegemeza migongo ukutani, na mzee mmoja alikuwa anasoma Yasini kwa sauti ya chini. Mama mmoja wa Kindu, ambaye Alima hakuwahi kumwona maishani, aliinuka na kumpokea kwa mikono miwili.

—Pole kwa kufiwa, mwanangu. Pole sana.

Alima alimgeukia mume wake.

—Nilikungojea, alisema Idrissa. Kilio ya mama singeweza kuifungua peke yangu.

Alima alivua viatu. Akakaa katikati ya wale wamama, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya koridoni akalia kwa sauti, bila kuangalia nyuma. Idrissa alikuja akakaa karibu yake, upande wa wanawake, akaweka paji la uso begani mwake, na hakuna aliyemwambia ahame.